Sahani ya ukumbini kuletwa chumbani: bei yazidi kupanda melini

Abiria wa meli ya utalii anayetaka kula chakula cha usiku chumbani kwake, badala ya kushuka kwenye ukumbi wa chakula, siku hizi hana budi kupiga hesabu kwanza. Huduma ya chumbani, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya nauli, imewekewa bei na kampuni nyingi kubwa za meli hizo, na kiwango kinachotozwa hutegemea kampuni, saa ya kuagiza na, zaidi ya yote, aina ya chumba alicholipia abiria.

Mwendo wa bei hizo si wa siku moja. Kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianza mwaka 2015 kutoza dola za Marekani 7.95 kwa kila agizo, ikiacha bure kahawa na kifungua kinywa chepesi cha asubuhi, na ikiwasamehe abiria wa vyumba vya fahari. Baadaye ada hiyo ilipandishwa hadi dola 9.95. Royal Caribbean, ambayo awali ilitoza dola 3.95 kwa walioagiza kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri tu, iligeuza utaratibu mwaka 2017 na kutoza dola 7.95 saa zote, isipokuwa kwa kifungua kinywa chepesi. Carnival yenyewe ilichagua njia nyingine, ile ya kuweka bei kwa kila chakula kinachoagizwa, kama ilivyo kwenye mgahawa wowote wa mjini. Princess nayo ilijiunga mwishoni mwa mwaka 2023, ikiwatoza wale ambao hawakununua vifurushi vyake vya bei ya juu.

Kwa juu juu, dola nane si fedha nyingi kwa mtu aliyekwisha kulipa mamia au maelfu ya dola kwa safari ya wiki moja. Lakini hesabu haiishii hapo. Kwa Royal Caribbean, juu ya dola 7.95 huongezwa asilimia 18 ya bakshishi, na agizo moja likafikia dola 9.38. Abiria anayeagiza kila jioni kwa usiku saba atakuwa amelipa dola 65.66, wakati chakula kile kile, na kizuri zaidi, kinamsubiri ukumbini bila malipo ya ziada.

Jambo ambalo wateja wengi hawalitambui ni kwamba ada ya namna hii ni ya agizo, wala si ya sahani. Familia ya watu watano ikiagiza kwa simu moja hulipa sawa na mjane anayesafiri peke yake na kuomba bakuli moja la supu. Kwa lugha ya sokoni, familia imenunua kwa jumla na mjane amenunua kwa rejareja.

Orodha mbili tofauti

Hata hivyo, kulipa ada hakumaanishi kwamba abiria atapata chakula cha ukumbini. Meli nyingi zina orodha mbili. Ya huduma ya chumbani ni fupi, na vyakula vyake ni vile visivyoharibika haraka njiani: sandwichi, piza, saladi, supu, baga, keki. Orodha ya ukumbini hubadilika kila jioni, ina chakula cha kuanzia, chakula kikuu na kitamutamu, na ndiyo abiria anayoiota anapotazama picha za matangazo. Swali linaloulizwa na wasafiri ni kama sahani ya orodha hii ya pili inaweza kupandishwa hadi sitaha ya tisa na kuwekwa juu ya kimeza cha chumbani.

Majibu yanatofautiana mno. Holland America imejulikana kwa miaka mingi kwa kumruhusu abiria wa chumba chochote kuagiza kutoka orodha ya ukumbini wakati wa saa za chakula cha usiku. Kwenye meli ndogo za anasa kama za Silversea, Seabourn na Regent, chakula cha ukumbini huletwa chumbani sahani baada ya sahani, mezani pametandikwa kitambaa, na hakuna anayetaja bei, kwa sababu bei ilikwisha kutajwa siku ya kununua tiketi. Cunard, kampuni ya Kiingereza yenye mila ndefu ya madaraja, huwapa heshima hiyo abiria wa vyumba vya Grill, ambao wana migahawa yao wenyewe melini. Norwegian nayo ina eneo lake liitwalo The Haven, ambako mhudumu maalumu hutumwa kuleta chakula kutoka migahawani.

Kwa maneno mengine, kile kilichokuwa adabu ya kawaida ya meli kimegeuzwa bidhaa ya kuuzia vyumba vya daraja la juu. Abiria wa chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambaye pengine ndiye mwenye sababu ndogo kabisa ya kutamani kukaa humo, ndiye anayelipa. Wa chumba chenye roshani pana na sebule haoni ada hata kidogo.

Jiko halikujengwa kwa ajili ya sinia

Ni haki kusema kwamba kampuni zina hoja ya msingi, na hoja hiyo iko jikoni. Ukumbi wa chakula wa meli kubwa huendeshwa kama kiwanda. Kwa utaratibu wa zamani abiria hugawanywa katika zamu mbili, wapishi wakajua takriban ni sahani ngapi za samaki na ngapi za nyama zitahitajika, na mamia ya sahani zikatoka kwa dakika chache. Mhudumu hubeba sinia moja lenye sahani kadhaa zilizofunikwa kawa, anatembea hatua chache kupita mlangoni, na chakula kiko mezani.

Agizo la chumbani huvunja mtiririko huo. Mtu mmoja anaacha mstari kwa ajili ya sahani moja au mbili, anapakia toroli, anasubiri lifti saa ile ile ambayo abiria waliovaa vizuri wanashuka kwenda kula, kisha anatembea kwenye ujia mrefu. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365 na sitaha 20, na ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600. Mhudumu anayetoka jikoni upande wa nyuma kwenda chumba cha mbele anaweza kutembea zaidi ya urefu wa viwanja vitatu vya mpira, na kurudi vile vile. Ikiwa abiria mia tatu wataamua jioni moja kwamba wamechoka kuvaa viatu, hakuna idadi ya wahudumu itakayotosha.

Kuna pia suala la joto. Meli zinazotia nanga kwenye bandari za Marekani hukaguliwa chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, ambao hutoa alama hadi 100, na alama 85 au chini ya hapo ni kushindwa. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba chakula cha moto kihifadhiwe kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kwenye nyuzi 5 au pungufu. Ndani ya jiko hilo ni jambo la mashine. Kwenye ujia, chini ya kawa, ni suala la dakika.

Na hapa ndipo mteja mwenye fedha mkononi anapopaswa kuwa mwangalifu, maana si kila sahani inastahili ada. Steki iliyotolewa jikoni ikiwa nyekundu katikati huendelea kuiva chini ya kawa, ikafika kahawia. Chipsi na samaki wa kukaanga hulainika kwa mvuke wake wenyewe kabla lifti haijafunguka. Kitamutamu cha mayai kilichoumuka kwenye oveni hushuka njiani na kufika kama chapati. Kinyume chake, mchuzi mzito wa viungo, nyama iliyochemshwa taratibu, supu na wali husafiri bila malalamiko. Anayeagiza mchuzi wa Kihindi pamoja na jibini na matunda anapata thamani ya fedha yake kuliko jirani yake aliyeagiza kambamti.

Fedha iko wapi

Je, ada hizi ndizo zinazoziokoa kampuni? La. Meli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, kampuni zilikopa mabilioni ya dola ili zisizame, na mzigo wa riba uliofuata umezifanya zitafute senti kila pembe. Ni kweli pia kwamba mapato yanayopatikana ndani ya meli, mbali na nauli, yamekuwa nguzo kubwa: Carnival Corporation ilipata mwaka 2024 takriban dola bilioni 25, na karibu theluthi moja ya hizo zilitokana na matumizi ya abiria melini na huduma nyingine. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haiwezi kutoka kwenye sinia za sandwichi. Kwenye biashara hii wenye kuingiza fedha ni baa, kasino, safari za nchi kavu, maduka na migahawa ya kulipia.

Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi zaidi ni kwamba ada hutumika kuwaongoza watu. Abiria aliyejifungia chumbani hanunui kinywaji, hapiti mbele ya duka la saa, wala hashawishiki na harufu ya mgahawa wa Kijapani. Aliyelazimika kushuka ukumbini hupita kote huko kabla hajaketi. Dola nane zinazotozwa kwa anayekaa chumbani ni kidogo kuliko ambacho angetumia akitoka, na bila shaka wanaopanga bei wanalijua hilo. Sababu ya kupunguza chakula kinachotupwa, ambayo nayo hutajwa mara kwa mara, ina ukweli wake: kitu cha bure huagizwa saa saba usiku na kuachwa mlangoni bila kuguswa.

Soko limewahi kukataa pale lilipoona limebanwa mno. Mwaka 2015 Norwegian ilijaribu kuzuia abiria wasibebe chakula kutoka ukumbi wa kujipakulia kwenda vyumbani. Kwa kuwa ada ya huduma ya chumbani ilikuwa imeanza muda mfupi tu kabla, abiria waliziunganisha hatua hizo mbili wenyewe, kelele zikawa nyingi, na kampuni ikaondoa katazo hilo upesi. Hadi leo njia ya bure ya kula chumbani kwenye meli nyingi ni kubeba sahani yako mwenyewe. Haina kitambaa, lakini haina ada.

Anayebeba sinia

Mtu anayesahaulika katika mjadala huu ni mhudumu. Wengi wao hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unadai wapewe mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Zamani, huduma ilipokuwa bure, abiria alitoa dola mbili au tatu mlangoni, mkono kwa mkono. Leo anaona kwenye hesabu yake ada na asilimia 18, anadhani mambo yamekwisha, na mlango unafungwa. Kwa kampuni bei imepanda, lakini kwa aliyesimama ujiani inaelekea imeshuka.

Vivyo hivyo kwa wateja ambao huduma hii si anasa kwao. Mzee anayetembea kwa gongo, mama mwenye mtoto mchanga aliyelala saa moja jioni, na abiria ambaye bahari imemgeuza tumbo hawakai chumbani kwa uvivu. Kwa kawaida aliyetengwa na daktari wa meli kwa ugonjwa wa kuhara huletewa chakula bila malipo, lakini hilo hufanyika kwa sababu kampuni haitaki ashuke, si kwa kumhurumia.

Kwa wateja wa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Mombasa na Zanzibar hupokea meli za namna hii, na wapo vijana wa Pwani wanaotafuta kazi za uhudumu ndani yake, ambao itawafaa kujua kwamba huduma ya chumbani siyo tena kitengo cha bakshishi nono. Wakazi wa huku wanaopanda meli kutoka Durban wameizoea zaidi MSC, na kwa kampuni hiyo mambo ya chumbani hufuata daraja la tiketi: la chini hulipia hata kile ambacho la juu huletewa asubuhi bila kuulizwa. Tofauti ya nauli kati ya madaraja hayo wakati mwingine ni ndogo kuliko jumla ya ada za wiki nzima.

Hivyo wakala anayeuza tiketi aulizwe mambo matatu kabla fedha haijatoka: kama ada ni ya agizo au ya sahani, kama orodha ya ukumbini inapatikana chumbani, na kwa saa zipi. Ajibu kwa maandishi, kwa sababu viwango hivi hubadilishwa katikati ya msimu, na abiria aliyekwisha panda hana mahali pengine pa kununua chakula.