Exec ao ExecWait? Neno moja karibu linipotezee klienti

Bandugu, kwa wale mnaotengeneza programu za kuuzia watu, leo tuongee kitu kidogo chenye kilinitoa jasho.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuhesabu stoki ya dawa kwa mama mmoja wa farmasi hapa Lubumbashi. Fishie ya kuinstale niliitengeneza kwa NSIS, ile chombo ya bure iliyotoka Nullsoft, walewale wa Winamp. Programu yangu ilihitaji kwanza vc_redist.x64.exe ya Microsoft. Nikaandika Exec, nikajaribu kwangu, ikaenda muzuri. Kwa mama, ilipofika mwisho ikalalamika: VCRUNTIME140.dll haipo. Mama akanitazama. "Papa, na feza yangu?"

Exec inaanzisha programu ingine na kuendelea palepale na mustari unaofuata, haingojee. Kwa ordinatere yangu ile DLL ilikuwako tangu zamani, njo maana sikuona kitu. (Jaribuni kila mara kwenye mashini yenye Windows mupya, tafazali.) ExecWait inangojea mpaka ile programu imalize, na ukiiwekea variabli inakuletea namba ya mwisho:

ExecWait '"$TEMP\vc_redist.x64.exe" /install /quiet /norestart' $0

0 ni sawa. 3010 pia ni sawa, ila Windows inaomba kuzimwa na kuwashwa tena. Wengi wanaihesabu kama kosa na kusimamisha kazi bure. 1638 inasema toleo ingine liko tayari. Zile alama za nukuu za ndani musizitoe: njia yenye nafasi, kama C:\Program Files, inaweza kusomwa vibaya.

Fishie ya .msi haiendeshwe hivi moja kwa moja. Unaita msiexec /i. Na kama unataka kufungua PDF ya maelezo ao ukurasa wa intaneti, tumia ExecShell "open": inaomba Windows ifungue kama vile mutu amebonyeza mara mbili.

Kwa komandi za dirisha jeusi, mimi napenda nsExec. Dirisha halitokee, klienti haogope. nsExec::ExecToLog inaandika matokeo kwenye orodha ya kuinstale, na ExecToStack inakupatia maandishi yenyewe. Lakini zote zinaacha jibu kwenye staki. Usipofanya Pop $0, Pop yako ya mbele itachukua kitu cha mwingine, na utatafuta kosa mahali haliko.

Iko tena mutego moja yenye ilinikalisha usiku mbili. Nilitaka toleo la zamani liondolewe kwanza, nikaita uninstall.exe kwa ExecWait. Ikarudi palepale! Kumbe ile programu ya kuondoa ya NSIS inajinakili kwenye fishie za muda, nakala inaanza kazi, ile ya kwanza inajifunga. Unangojea mutu mwenye amekwisha kwenda. Dawa yake:

ExecWait '"$INSTDIR\uninstall.exe" /S _?=$INSTDIR'

_?= inakaa mwisho kabisa, bila nukuu hata kama njia iko na nafasi. Kwa kuwa hainakiliwe tena, uninstall.exe haiwezi kujifuta. Unaifuta weye mwenyewe kwa Delete.

Mama wa farmasi nilimrudilia kesho yake na fishie mupya. Alingoja mpaka stoki yote ionekane kwenye ekrani, kisha akatoa nusu ya feza yenye ilibaki.