Kijiti Kikianguka, Mtoto Asilaumiwe

Kila msimu wa riadha ya shule unapofika, kuna mwanafunzi ambaye huacha michezo kabisa kwa sababu ya kijiti. Timu yake ilikuwa mbele. Walipofika mahali pa kupokezana kijiti kikaanguka, timu ikamaliza ya mwisho, na kufikia jioni alikuwa amepewa jina la utani bwenini. Wiki iliyofuata, saa ya michezo ilimkuta akilalamika kuumwa na tumbo. Kama wewe ni mzazi au mwalimu, huenda mwanafunzi huyo unamjua.

Huenda pia ukaliona kuwa jambo dogo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linasema kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kijana wa Nairobi, Mombasa au Nakuru anayepanda matatu alfajiri na kurudi jioni kuketi mezani na vitabu atazipata wapi dakika hizo, kama si katika uwanja wa shule? Akiukimbia uwanja kwa aibu akiwa na miaka 15, ni vigumu kumrudisha akiwa na miaka 30 na kitambi.

Ukweli ni kwamba kijiti huanguka kwa sababu watu wawili hawajafanya mazoezi pamoja. Katika shule nyingi timu hupatikana kwa kuchukua wanne waliokimbia kasi zaidi katika mita 100, wakapewa kijiti siku mbili kabla ya mashindano, basi. Kikianguka, anayestahili kuulizwa ni aliyewateua.

Miguu si yote

Tazama yaliyotokea katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Katika fainali ya wanaume ya mita 100 mara nne, Jamaika ya Usain Bolt ilishinda, lakini waliowashangaza watu ni Wajapani waliochukua nishani ya fedha kwa sekunde 37.60. Wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Wamarekani, wenye wakimbiaji wa kasi zaidi, walimaliza wa tatu kisha wakaondolewa kwa kupokezana kijiti kabla ya kuingia katika eneo linaloruhusiwa.

Sababu ni rahisi kuielewa. Anayekimbia mita 100 peke yake huanza akiwa ametulia. Katika mbio za kupokezana, watatu kati ya wanne hupokea kijiti wakiwa tayari wako mbioni. Mpokeaji akisimama kungoja kijiti, faida hiyo yote hupotea. Kwa hivyo kinachopaswa kufundishwa ni jinsi ya kukipitisha kijiti bila kukipunguzia kasi. Mwanafunzi wa kasi ya kawaida mwenye mikono tulivu anaweza kuwa na thamani kuliko yule anayechomoka kama mshale lakini hamsikilizi mwenzake.

Zoezi la uwanja mdogo

Jambo la kufurahisha kwa shule zetu za mijini, ambazo nyingi zina uwanja wa kubanana na majengo, ni kwamba ufundi huu hauhitaji uwanja mzima. Ukanda wa nyasi wa mita 60 unatosha. Kijiti nacho hakihitaji kununuliwa. Kata paipu ya plastiki ya maji yenye unene wa kama sentimita 4, urefu wa sentimita 28 hadi 30, kisha sugua ncha zake zisikwaruze mikono. Kipande cha ufagio si kizuri kwa sababu ya vibanzi.

Anza wakiwa wamesimama, wanne katika mstari mmoja wakitazama upande mmoja. Wa nyuma anaita "Shika!" na aliye mbele anatoa mkono nyuma bila kugeuka. Kwa wanaoanza, njia rahisi ni kupitisha kijiti kutoka chini kwenda juu: mpokeaji anaelekeza kiganja chini, kidole gumba kikiwa mbali na vingine, na kijiti kinaingizwa katika pengo hilo. Ndiyo njia waliyoitumia Wajapani. Wakiizoea wakiwa wamesimama waifanye wakitembea, kisha mbio za polepole, kisha kwa kasi yote. Msiruke hatua. Anayekimbia wa kwanza na wa tatu washike kwa mkono wa kulia, wa pili na wa nne wa kushoto, ili kijiti kisihamishwe mkono njiani.

Halafu inakuja kazi iliyo tamu kuliko zote, ya kutafuta alama. Mpokeaji anasimama mwanzoni mwa eneo la kupokezana, ambalo tangu mwishoni mwa 2017 lina urefu wa mita 30 katika mbio za mita 100 mara nne. Anahesabu nyayo zake kurudi nyuma, tuseme 18, na kuweka alama ya chokaa au majivu. Mwenzake akikanyaga alama ile, yeye anaondoka kwa nguvu zote wala hageuki tena. Akikimbia hadi mwenzake asimfikie, alama isogezwe karibu nyayo mbili. Mwenzake akimgonga mgongoni, alama isogezwe mbali. Waachie wenyewe wabishane na kupima. Hapo ndipo ushirikiano unapojengwa, kwa sababu kila mmoja analazimika kuijua kasi ya mwenzake na kumwamini hata kama hamwoni.

Mbio za mita 400 mara nne ni tofauti kidogo. Anayewasili amechoka, pengine anayumba, kwa hivyo mpokeaji humtazama hadi kijiti kiwe mkononi. Hizi ndizo mbio zilizoipatia Kenya nishani ya fedha katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na dhahabu ya Munich mwaka 1972, walipokimbia Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang.

Kulinda mwili

Kasi ya ghafla ndiyo inayochana msuli wa nyuma ya paja, hasa asubuhi ya baridi. Wanafunzi wapashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15 kwa mbio nyepesi, kuinua magoti na kurusha miguu kabla ya kukimbia kwa kasi. Akihisi kama amepigwa jiwe nyuma ya paja, asimame papo hapo. Mwekee barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 au 20. Tabia ya kumchua kwa mafuta ya moto siku hiyo hiyo huzidisha damu kuvuja ndani ya msuli.

Kijana anayerefuka haraka anaweza kupata maumivu kwenye kifundo kilicho chini ya goti. Si uvivu, mfupa bado unakua pale msuli unapouvuta. Apunguziwe mbio na amwone daktari yakizidi. Mwenye pumu anaweza kukimbia mradi dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Msichana aliye katika hedhi naye anaweza kukimbia, akitaka. Lakini aliyezirai akikimbia, au anayeumwa na kifua, asirudi uwanjani kabla ya kupimwa hospitalini.

Na mwalimu, tafadhali, usiwaadhibu wanafunzi kwa kuwazungusha uwanja. Utawezaje kuwafanya wapende kitu kile kile unachokitumia kama kiboko?

Kabla ya mashindano waeleze sheria ambayo wengi hawaijui: kijiti kikianguka mbio hazijaisha. Aliyekiangusha anaruhusiwa kukiokota, hata kutoka nje ya njia yake, mradi asimzuie mwingine wala asifupishe mwendo. Mara moja kila wiki, mwambie mmoja wao akiangushe makusudi katikati ya zoezi, akiokote na waendelee hadi mwisho, huku wenzake watatu wakimwita kwa jina lake.