Gari Linasita Lini?

Mteja akifika gereji na kusema gari halina nguvu, mara nyingi jibu hutangulia kipimo: plagi zimekwisha. Zikibadilishwa na gari likabaki vilevile, zinafuata koili, kisha pampu ya mafuta, kisha sensa moja baada ya nyingine, mpaka siku gari linapopona bila mtu yeyote kujua ni spea ipi iliyoliponya. Kwa Toyota IST, Vitz, Premio au Corolla ya miaka 15 au 20, magari ambayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu, kubahatisha kwa namna hiyo kunaweza kula pesa nyingi kuliko ugonjwa wenyewe ulivyostahili.

Swali la kukata mzunguko huo ni fupi, na dereva analijua jibu lake kuliko fundi: linasita lini? Asubuhi likiwa baridi, au baada ya nusu saa ya mwendo? Sekunde ile ya kwanza unapokanyaga mafuta, au ukiwa tayari kwenye kasi unataka kulipita lori? Kwenye tambarare linavuta lakini mlimani linaishiwa? Kila jibu linafuta sehemu kubwa ya watuhumiwa. Fundi anayefungua boneti kabla ya kuuliza hayo, mimi humtilia shaka.

Tena si kila gari zito lina injini mbovu. Ukikanyaga mafuta na injini ikapandisha mlio huku gari likibaki palepale, nguvu ipo ila haifiki kwenye magurudumu. Hapo kaangalie gia boksi au klachi, na plagi uziache zilivyo. Ukishuka baada ya safari fupi na kukuta ringi moja ni ya moto kuliko zenzake, breki ya gurudumu hilo haiachii. Na kwa magari ya zamani ambayo pedeli huvuta waya, mwombe mtu akanyage mpaka mwisho huku wewe unatazama mlango wa hewa kwenye injini. Waya ukiwa umelegea, au zulia nene likiwa limejikunja chini ya pedeli, mlango huo haufunguki wote, na hakuna spea itakayosaidia.

Jambo jingine ni mwinuko. Gari lililozoea Mombasa au Dar es Salaam likipandishwa Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, linakutana na hewa nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu, na mtu wa Mbeya anaishi na hasara hiyohiyo kila siku. Kwa hiyo dereva wa pwani anayelalamika kwamba gari limelegea tangu afike nyanda za juu anaweza kuwa na gari zima kabisa. Ila upungufu wa mwinuko ni laini: gari linavuta polepole bila kushtuka. Likishtuka, kuna ubovu.

Tuanze na kusita kwa sekunde ya kwanza. Unatoka kwenye taa, unakanyaga, gari linazubaa kidogo kama limesahau, halafu linaruka. Dalili hii mara nyingi inahusu hewa. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, na kontroli boksi inajua kiasi cha hewa kwa kusoma sensa iliyo baada ya filta. Hewa ikipenya mahali pengine baada ya sensa hiyo, kontroli boksi haina habari nayo; inapima mafuta kwa hewa iliyoiona, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mahali penyewe pa kupenya si pa ajabu: bomba la mpira kati ya filta na injini lililopasuka kwenye mikunjo yake, paipu ndogo zilizokaushwa na joto la miaka, gasketi ya manifoldi. Ufa wa bomba lile la mpira una hila. Injini ikitulia unafumba, na injini ikijitikisa juu ya maunti zilizochoka unafunguka, basi fundi akiangalia gari limesimama anasema liko salama. Likunje bomba kwa mkono, uitazame mikunjo yake chini. Wanaonyunyiza petroli kwenye injini ya moto ili kutafuta panapovuja wanacheza na moto. Mashine ya moshi ndiyo njia salama.

Sensa yenyewe nayo huchafuka. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto na kupozwa na hewa inayopita. Ukipata koti la vumbi, unaripoti hewa pungufu. Chanzo cha vumbi hilo mara nyingi ni tabia ya kupuliza filta ya karatasi kwa upepo wa kompresa. Filta inatoka nyeupe, mteja anafurahi, kumbe karatasi imetobolewa matundu yasiyoonekana. Filta mpya ni rahisi. Sensa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kitambaa wala kidole, na iachwe ikauke kabla ya kurudishwa.

Gari linalokwenda vizuri mjini lakini linaishiwa pumzi mlimani au likifika kasi kubwa ni shauri jingine. Panda mlima Kitonga ukiwa na abiria wanne na mizigo, na ukweli wa pampu ya mafuta utajulikana. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, hunywa mafuta kidogo sana, hata pampu iliyochoka inatosheleza. Ukidai nguvu zote, presha inaanguka. Ndiyo maana kupima presha gari likiwa limesimama tu hakumalizi shauri. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyo kwenye IST na ndugu zake wengi, presha inatakiwa iwe kati ya kilopaskali 304 na 343, na ibaki hapo hata injini inapokamuliwa. Filta ya mafuta katika magari haya imo ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo wengi hawajawahi kuibadilisha, na wengine hawajui kama ipo. Pampu hiyo hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Kuendesha kila siku huku taa ya mafuta imewaka, kwa kuweka ya elfu kumi kumi, kunaifupishia maisha.

Mafuta yenyewe pia yaulizwe. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haihimili mgandamizo. Inawaka kabla ya wakati wake na injini inagonga. Magari mengi ya enzi hii yana sensa inayosikia kugonga huko, na kontroli boksi inajihami kwa kuchelewesha moto wa plagi. Injini inapona, nguvu inapungua, na dereva anaona gari limekuwa zito tu. Tanzania, kupitia EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huu, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Kama uzito ulianza kilomita chache baada ya kujaza tangi, au baada ya mvua kubwa inayoweza kuingiza maji kwenye matangi ya chini ya kituo, anzia hapo kabla ya kununua chochote.

Upande wa pili wa kuishiwa pumzi ni njia ya kutokea. Masega ya kusafishia moshi yaliyo kwenye eksozi yakiyeyuka au kuziba, moshi haupati pa kupita, na injini isiyoweza kutoa haiwezi kuvuta. Alama yake ni kwamba gari linawaka vizuri, haligongi wala halitetemeki, ila kadiri unavyokanyaga ndivyo linavyobanwa. Fundi mwenye geji ndogo hufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kuifunga geji mahali pake: injini ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika na presha ikazidi 3 psi, njia imebanwa. Kuyatoa masega moja kwa moja, kama inavyofanyika sana, kunarudisha nguvu. Lakini masega hayazibi bila sababu. Yaliuawa na mafuta mabichi kutoka kwenye silinda isiyowaka au na oili inayopanda, na sababu hiyo bado imo ndani inaendelea. Anayekupunguzia bei kwa sharti abaki na masega yako anajua anachofanya, maana mna platini, paladi na rodi.

Kushtuka-shtuka, kule mafundi wanakoita kumisi, ndiko mahali pa plagi na koili. Cheche hupata shida zaidi kuruka pale mgandamizo ndani ya silinda unapokuwa mkubwa, yaani gari likiwa kwenye gia ya juu na wewe umekanyaga. Ndiyo sababu gari linaweza kuunguruma vizuri uani na kumisi mlimani. Mashine ya kusomea makosa ikileta kosa P0302, inasema tu kwamba silinda ya pili haiwaki sawasawa. Haijasema ni koili. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, endesha, soma tena. Kosa likihamia P0303, koili imejitaja yenyewe. Likibaki palepale, hamisha plagi, kisha ndipo uishuku nozeli. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi ya spea. Na ukichomoa koili ukakuta shimo la plagi limejaa oili, gasketi ya tapeti kava ndiyo mgonjwa. Koili mpya itakufa hukohuko.

Gari linalokuwa zito likiwa baridi, au linalokula mafuta kuliko zamani, ulizia themostati. Kuna imani katika gereji nyingi kwamba kwetu ni joto, themostati haina kazi, itolewe. Inafunguka kwenye nyuzi joto kama 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kufanyia kazi haraka na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini inaendelea kuwa baridi kwenye mwendo wa barabara kuu, na kontroli boksi inaendelea kumwaga mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Oili nayo ina mchango wake: mfumo wa VVT-i husogeza kemshafti kwa presha ya oili kupitia matundu madogo yaliyokusudiwa oili nyepesi kama 5W-30. Anayeweka nzito ya namba 40, au anayepitisha muda wa kuibadilisha mpaka inakuwa tope, asishangae nguvu ya katikati ikipotea.

Sasa mashine. Watu wengi huisoma kwa makosa yake tu, wakati utajiri wake uko kwenye namba zinazobadilika. Kontroli boksi, ikisaidiwa na sensa ya oksijeni, huandika kwa asilimia ni kiasi gani cha mafuta inaongeza au kupunguza kuliko hesabu yake ya msingi. Jumlisha au toa 5 ni kawaida. Ikizidi jumlisha 10, inakuambia mchanganyiko ni mwepesi na inahangaika kuufidia, na ikiendelea kupanda ndipo kosa P0171 linapowaka. Soma namba hiyo mara mbili, kwenye sailensa na kwenye mzigo. Ikiwa 20 kwenye sailensa na 4 kwenye mizunguko 2,500, hewa inapenya mahali, kwa kuwa ufa ni uleule lakini sehemu yake katika hewa yote imepungua. Ikiwa sawa kwenye sailensa na ikapanda unapokamua, ama mafuta hayatoshi au sensa ya hewa inadanganya, na geji ya presha ndiyo itakayowatenganisha hao wawili. Ikiwa nzuri kote na gari bado zito, rudi kwenye masega. Tahadhari moja tu: silinda inayomisi hupeleka oksijeni ambayo haijatumika kwenye eksozi, na sensa inaisoma kama wepesi wa mchanganyiko. Maliza kumisi kwanza, ndipo uziamini namba.

Kifaa cha bei ndogo cha blutuzi kinaweza kukataa kabisa kuongea na gari lako. Marekani ililazimisha lugha moja ya kompyuta za magari kuanzia matoleo ya 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001, lakini gari lililotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani miaka hiyo halikufungwa na sheria hizo, ingawa tundu lake lina pini 16 zilezile. Tafuta mashine inayoijua Toyota ya Japani kabla mtu hajakuuzia kontroli boksi.

Yakishakaguliwa yote hayo, kipimo cha mwisho ni mgandamizo wa silinda. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi takriban kilopaskali 100, kuna jambo. Mimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu, pima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo ndipo mazungumzo ya injini ya mtumba kutoka Japani yanapoanza kuwa na maana, na hiyo nayo ipimwe mgandamizo kabla ya kulipiwa.