Betri Kuingia Tochini Si Ushahidi Kwamba Inafaa

Tochi ndogo inayotumia betri moja ya AA hupendwa kwa sababu inakaa mfukoni na betri zake zinapatikana kila duka. Lakini betri kavu huisha haraka, na gharama ya kununua nyingine kila mara inachosha. Ndipo mtu anapoelekezwa kwenye betri ya lithiamu ya kuchaji, iliyoandikwa 14500. Namba hiyo inaeleza umbo tu: kipenyo cha milimita 14 na urefu wa milimita 50, karibu sawa kabisa na betri ya AA. Inaingia, kifuniko kinafunga, na swichi ikibonyezwa tochi inatoa mwanga mkali kuliko ilivyowahi kutoa. Mnunuzi anaona amepata faida mara mbili.

Umbo limefanana, volti hazifanani. Betri kavu ya AA ina volti 1.5, na ile ya kuchaji ya nikeli, yaani NiMH, ina volti 1.2. Betri ya 14500 huhesabiwa kuwa ya volti 3.7, na ikitoka kwenye chaji ikiwa imejaa hufika 4.2. Hiyo ni karibu mara tatu ya kile ambacho tochi ilitengenezewa. Baadhi ya tochi zimeundwa kupokea betri zote mbili, na watengenezaji wake huandika hivyo waziwazi kwenye kasha au karatasi ya maelezo. Pasipoandikwa, jibu ni hapana, hata kama taa inawaka.

Taa nyeupe ya LED huhitaji takriban volti 3 ili iwake. Betri ya volti 1.5 haifiki huko, kwa hiyo ndani ya tochi ya betri moja huwekwa saketi ya kupandisha volti. Saketi za aina hiyo kwa kawaida zinaweza kupandisha tu, haziwezi kushusha. Ukiipa volti 4.2, umeme hupita moja kwa moja hadi kwenye LED bila kudhibitiwa, na LED ni kifaa ambacho volti ikiongezeka kidogo tu, mkondo huongezeka sana. Mwanga ule wa kushangaza unatokana na hapo. Tochi hupata moto mkononi ndani ya muda mfupi, rangi ya mwanga huweza kuelekea samawati, na saketi ikizidiwa huungua. Hasara hiyo inaudhi, lakini mwisho wake ni tochi kuharibika.

Jambo la hatari zaidi huja baadaye, na huja kimyakimya. Betri inapotumika, volti yake hushuka. Ikifika chini ya kiwango ambacho LED inahitaji, saketi ya kupandisha, ambayo ilikuwa imepitwa tu na umeme, sasa inaanza kufanya kazi yake ya kawaida. Inanyonya betri na kuendelea kuipa LED volti inazotaka. Mwanga unapungua kidogo kutoka ule ukali wa mwanzo, kisha unatulia vizuri kabisa, kama tochi yoyote nzima. Anayeitumia hana habari yoyote. Betri kavu inaweza kunyonywa hadi chini ya volti 1 bila madhara, na saketi imepangwa kufanya hivyohivyo. Betri ya lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 2.5 hivi, na watengenezaji wengine huweka kikomo chao juu zaidi. Tochi ya AA haina kifaa cha kuzima hapo. Itaendelea kunyonya.

Ndani ya betri hiyo kuna karatasi nyembamba ya shaba, na juu yake kumepakwa grafiti. Volti ikishuka mno, shaba huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kimiminika kilichomo. Mtumiaji anaona tochi imezima, anaitoa betri na kuipeleka kwenye chaji. Sasa ile shaba iliyoyeyuka inarudi kuwa metali ngumu, lakini hairudi mahali pake. Huota vipande vidogo ambavyo vinaweza kutoboa utando wa plastiki unaotenganisha upande chanya na upande hasi. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Ukitoboka, pande mbili hugusana na joto huanza ndani kwa ndani. Huenda lisitokee siku hiyo. Betri inaweza kuchajiwa na kutumika tena mara kadhaa kabla ya kuleta balaa, na hapo hakuna atakayekumbuka kwamba iliwahi kunyonywa hadi mwisho.

Joto la ndani likizidi nyuzi 80 au 90 za Selsiasi, tabaka linalolinda grafiti huanza kuvunjika, na kuvunjika kwake kunaongeza joto. Kwenye nyuzi 130 hivi, utando wa plastiki aina ya polithini huyeyuka. Likipanda zaidi, upande chanya, ambao katika betri nyingi una kobalti, huachia oksijeni. Kimiminika cha betri hizi kinawaka moto. Kwa hiyo ndani ya kopo lilelile kuna joto, kuna kitu cha kuungua na kuna oksijeni.

Watu wengi hudhani betri ya lithiamu ni hatari kwa sababu imebeba umeme mwingi zaidi. Kwa ukubwa huu si kweli. Betri halisi ya 14500 yenye mAh 800 hubeba takriban saa-wati 3, na betri nzuri ya alkali ya AA inakaribia au kuzidi hapo. Tofauti ni kwamba betri ya alkali ina kimiminika cha maji kisichowaka, na haiwezi kuutoa umeme wake kwa kasi kama lithiamu. Ikiharibika, kwa kawaida huvuja na kuacha unga mweupe.

Halafu kuna tochi yenyewe. Tochi nzuri ni bomba la alumini lenye mipira ya kuzuia maji kila upande. Mipira inayozuia maji kuingia inazuia pia gesi kutoka. Betri ikianza kufuka ndani ya bomba hilo, mgandamizo hupanda hadi kifuniko au kioo kinafyatuka. Ndiyo maana nawasihi mafundi, madereva na walinzi waache kushika tochi kwa meno, na wazazi wasiiache ilale chini ya mto wa mtoto, hasa kama ndani yake kuna betri ambayo hawana uhakika nayo.

Tochi za betri mbili huongeza tatizo jingine. Zile zinazotumia CR123A mbili za volti 3 zinatarajia volti 6. Ukiweka mbili za lithiamu za kuchaji za 16340, zenye umbo kama hilo, unapata 8.4. Na kama moja ni dhaifu kuliko mwenzake, ile dhaifu huisha kwanza, na yenye nguvu huendelea kuusukuma mkondo ndani yake hadi volti zake zinageuka kinyume.

Baadhi ya betri za lithiamu zina saketi ndogo ya ulinzi chini yake, ambayo hukata umeme zikishuka mno, zikichajiwa kupita kiasi au ncha zake zikigusanishwa. Zinasaidia kweli, ingawa huwa ndefu kidogo na zinaweza kukataa kuingia. Hazirekebishi volti: tochi ya 1.5 bado inapewa 4.2. Betri zilizofunguliwa kutoka kwenye laptopu mbovu hazina ulinzi huo, kwa sababu saketi ilibaki kwenye laptopu. Mwezi Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wananchi wasinunue wala kutumia betri za 18650, ndugu wakubwa wa 14500, zinazouzwa mojamoja, kwa sababu hizo zilitengenezwa kukaa ndani ya kifaa chenye ulinzi wake. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900, iache hapohapo. Halisi nyingi haziendi mbali zaidi ya 3500.

Anayetaka kuchaji badala ya kununua kila wiki ana njia salama: betri za NiMH na chaja yake, volti 1.2, ambazo tochi nyingi za AA huzipokea bila shida. Zipo pia betri za lithiamu zenye saketi ya kushusha volti hadi 1.5, na kwenye ganda lake huandikwa 1.5V. Betri ya lithiamu iliyokutwa chini ya volti 2.5 kwenye multimita, iliyovimba, iliyochubuka ganda au inayopata moto kwenye chaji, isifufuliwe.

Tochi ikipata moto usio wa kawaida, ikitoa mlio kama wa mvuke au harufu tamu ya kemikali, usiifungue. Ikiwa bado inashikika, iweke nje juu ya udongo au saruji, kisha kaa mbali. Ikishika moto, maji mengi husaidia kuipoza, lakini moshi wake usivutwe. Chumvi ya lithiamu iliyo ndani ya betri ikikutana na unyevu hutoa haidrojeni floraidi, gesi inayochoma macho na mapafu. Kikohozi na kubanwa pumzi vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshajiona mzima. Ngozi iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, na macho yasafishwe kwa maji vivyo hivyo. Ukifika hospitali, mwambie daktari au muuguzi kwamba kilichoungua ni betri ya lithiamu. Jeraha lenye floraidi hutibiwa kwa kalsiamu glukoneti, na mhudumu aliyeambiwa tu kwamba tochi ilishika moto hatakuwa na sababu ya kuifikiria dawa hiyo.