Paa ya Paa: Kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoungua lakini hakikufa

Ukitoka katikati ya Nairobi ukashika barabara ya Kiambu, unafika mtaa wa Ridgeways. Ni mtaa wa makazi, umetulia, una miti mingi. Humo ndani kuna kituo ambacho wapenzi wengi wa sanaa wa rika letu hawajawahi hata kukisikia: Paa ya Paa.

Lakini ukiuliza sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki ilianzia wapi, jina hili huwezi kulikwepa. Hiki hapa kisa chake kwa ufupi.

Jina lina maana gani?

Ni mchezo wa maneno. Paa ni mnyama mdogo wa jamii ya swala. Kupaa ni kuinuka juu. Yaani, mnyama anaruka, anapanda angani. Wakali wa ngeli watasema ilipaswa kuwa "paa anapaa", na wana haki yao. Ila waanzilishi walikuwa wasanii, si wasahihishaji wa mitihani.

Nani alikianzisha?

Kilianza mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Kenya kupata uhuru. Jina linalotajwa kwanza ni la Elimo Njau, mchoraji. Na hapa Watanzania tukae vizuri: Njau ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Alisomea sanaa Chuo cha Makerere, Uganda, kisha akafanya kazi Kenya. Nchi tatu, msanii mmoja.

Hakuwa peke yake. Kwenye kundi la waanzilishi walikuwemo mwandishi wa habari Hilary Ng'weno, mshairi Jonathan Kariara, mchoraji Terry Hirst na mwanasheria Pheroze Nowrojee. Ukiangalia orodha hiyo unaona kitu: si wachoraji watupu. Ndiyo maana kituo hakikuwa mahali pa kutundika picha tu. Palikuwa na mashairi, maigizo na mijadala.

Kwa nini kilihitajika?

Wakati ule kumbi za maonyesho Nairobi zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Msanii Mwafrika angeweza kuonyesha kazi yake, lakini mlango ulikuwa wa mtu mwingine. Mwenye mlango ndiye anayeamua nini kinaitwa sanaa na nini kinaitwa zawadi ya mtalii.

Paa ya Paa ilikuja kubadilisha hilo. Ilianzia mjini kabisa, mtaa wa Koinange, halafu ikahamia Ridgeways.

Walionyesha nini?

Michoro na vinyago. Mmoja wa wasanii waliokulia pale ni mchongaji Samuel Wanjau. Kabla ya hapo alikuwa ametumia ufundi wake kutengeneza bunduki za wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye mikono ileile ikachonga sanamu za wapiganaji hao. Hebu fikiria safari hiyo.

Njau mwenyewe alikuwa ameshajipatia jina mwishoni mwa miaka ya 1950, alipochora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa kuu la Anglikana la Murang'a. Zinaonyesha maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, ila Yesu ni Mwafrika na mazingira ni ya hapahapa kwetu. Kwa enzi za ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Msimamo wake kwa wanafunzi ulijulikana: usiige. Kwake yeye, kunakili kazi ya mtu ni sawa na kumlaza Mungu usingizi.

Moto wa 1997

Mwaka 1997 moto ulizuka Ridgeways. Jengo la maonyesho likaungua, pamoja na kazi za sanaa, vitabu na kumbukumbu zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya 30.

Mtu anaweza kusema: si wachore nyingine? Tatizo ni kwamba mchoro unaweza kuchorwa mwingine, ila kumbukumbu haichorwi upya. Nani alionyesha kazi mwaka gani, iliuzwa kwa nani, picha za siku ya ufunguzi, barua: hivyo vikishateketea, mtafiti wa kesho anabaki na simulizi za mdomo. Na wasimuliaji nao wanazeeka.

Njau na mkewe, Phillda Ragland Njau, Mmarekani mweusi ambaye wameendesha naye kituo, hawakufunga milango. Waliendelea kupokea wasanii na wageni palepale.

Kimeacha nini?

Baada ya Paa ya Paa, Nairobi ilipata vituo vingine. Kuona Trust ilianza mwaka 1995, na GoDown ikafunguliwa mwaka 2003 kwenye ghala la zamani. Dar es Salaam nayo ina Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008. Wazo ni lilelile: wasanii wenyewe wawe na mahali pao.

Lakini somo la moto bado lipo mezani. Picha za Murang'a zipo kwa sababu ziko ukutani kwenye jengo linalotumika na kutunzwa na watu kila wiki. Kumbukumbu za Ridgeways zilikuwa sehemu moja, na moto mmoja ulitosha.

Sasa wewe una simu mkononi. Ukienda kwenye maonyesho mtaani kwenu, usipige selfi peke yake. Piga picha ya kazi, andika jina la msanii, jina la kazi na tarehe, kisha mtumie mwenye kituo nakala. Inachukua dakika moja. Paa ya Paa ingekuwa na nakala kama hizo kwa watu mia mwaka 1997, leo tungekuwa tunasimulia kisa tofauti.