Darasa la Kwanza Ndilo Msingi wa Nyumba

Kila mwezi wa Januari, watoto zaidi ya milioni moja huingia Darasa la Kwanza katika shule za msingi za Tanzania. Mzazi hushona sare, hununua madaftari na kalamu za risasi, humfikisha mwanawe mlangoni pa shule, kisha hurudi kazini akiona kwamba wajibu wake umekwisha. Sisi twasema kwamba wajibu huo ndio kwanza umeanza. Katika miaka yote ya masomo hakuna mwaka mkubwa kuliko huu, kwani ndio mwaka wa kujua kusoma au kukosa kujua. Na mtoto apandaye madarasa bila kujua kusoma hatafaidi historia wala sayansi, hata akihudhuria shule kila siku ya Mungu.

Na tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyotendeka. Lugha yetu imetupa njia nyepesi. Vokali zake ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mwalimu huanza na sauti hizo. Watoto huziandika hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha daftarini. Baadaye huongeza konsonanti moja moja. Mtoto aliyezishika silabi mbili, “ka” na “ta”, tayari aweza kusoma kata, taka na kaka, maneno ambayo hakuna aliyemkaririsha. Siku hiyo amepata ufunguo, na mlango ameufungua mwenyewe.

Magumu huja baadaye. Yampasa ajue tofauti ya “ng'ombe” na “ngoma”, na ajue kuunganisha sauti za “mbwa” na “nyumba”. Tena, watoto wengi wa vijijini huletwa shuleni wakiwa wamezoea Kisukuma, Kigogo, Kihaya au lugha nyingine ya nyumbani, na wengine huchanganya “r” na “l”, hata akitaka kuandika “kula” huandika “kura”. Mtoto wa namna hii si mjinga. Anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, lugha na maandishi yake, na mwalimu mwenye busara humvumilia.

Hesabu nayo ina hekima yake. Vijiti na vifuniko vya chupa za soda vyatosha kuwa vifaa. Watoto hufunga vijiti kumi kwa uzi, wakaweka vitatu kando, na lugha yenyewe huwaambia jibu: kumi na tatu. Anayeshika fungu hilo kwa mikono yake huelewa makumi na mamoja kabla hajaelezwa. Akifika ishirini na thelathini, hapo majina hayana budi kukaririwa. Lakini mafungu ni yale yale, naye huyahesabu bila hofu.

Sasa tuseme juu ya hatari iliyojificha. Wapo watoto wanaosimama mbele ya darasa wakasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na wazazi wakafurahi, kumbe hawasomi. Wameyashika maneno kwa masikio kama mtu ashikavyo wimbo. Mwingine hunakili kila kilichoandikwa ubaoni, kwa mwandiko safi, bila kujua hata neno moja alilolinakili. Dawa ya kumtambua ni rahisi: ficha picha, weka kidole kwenye neno lililo katikati ya ukurasa, mwulize ni neno gani. Au badili silabi ubaoni, “kata” iwe “taka”, umtazame. Asiyejua atagundulika papo hapo, na kugundulika mapema ni kuokoka.

Taifa hili halikuyapuuza mambo haya. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba elimu ya msingi haina budi kuwa elimu kamili ya kumwezesha mtu kuishi, wala si ngazi ya kupandia sekondari tu. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto apate nafasi ya shule ifikapo 1977. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi, ikafutwa tena mwaka 2001. Na tangu Januari 2016 elimu hutolewa bila ada. Mtaala wa 2015 ukaweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa kazi kuu ya Darasa la Kwanza na la Pili.

Lakini kumwingiza mtoto darasani ni jambo moja, na kumfundisha ni jingine. Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Panapokuwa na watoto 90 mbele ya mwalimu mmoja, naye ana kipindi cha dakika 30, kila mtoto ana sekunde 20 za kusikilizwa. Hata mwalimu hodari namna gani, hawezi kumponya mtoto kwa sekunde 20.

Hapo ndipo mfanyakazi na mkulima wanapotakiwa. Kwanza, mtoto asizuiwe nyumbani. Juma moja la kuchunga mbuzi au kulea mdogo wake ni silabi kadhaa zilizopotea, na darasa halitazirudia kwa ajili yake peke yake. Pili, jioni atengewe robo saa. Mzazi asiulize, “Umepata ngapi?” bali aseme, “Hebu nisomee.” Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kusikiliza, na kaka au dada wa Darasa la Tano aweza kusahihisha. Tatu, katika mikutano ya wazazi na kamati ya shule, tusiishie kuuliza habari za madawati na mabati. Tuulize vilevile: katika Darasa la Kwanza, ni watoto wangapi wanaoweza kusoma sentensi wasiyoiona kabla? Na wasioweza, wanasaidiwa na nani, siku gani?

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kumsaidia mtoto aliyechelewa silabi tano mwezi wa Juni ni kazi ya majuma machache. Kumsaidia yule yule akiwa Darasa la Sita ni kazi ngumu, tena yenye aibu kwake mbele ya wenzake, na wengi huona afadhali kutoroka. Basi kila aliye na mtoto wa Darasa la Kwanza nyumbani kwake na akifungue kitabu hicho leo jioni, aweke kidole kwenye neno, asikilize.