Habari za Taifa na Habari za Kwetu: Nani Azipange?



Saa moja ya usiku, katika nyumba nyingi za Pwani, ni saa ya shughuli nyingi kwa pamoja. Sala ya Magharibi imekwisha na Isha bado haijaadhiniwa. Watoto wamerudi chuoni, samaki yu jikoni, na runinga imewashwa kwa taarifa ya habari ya Kiswahili. Sisi akina mama huisikiliza kwa sikio moja, na sikio la pili liko kwenye chungu.

Jioni moja ya namna hiyo, mtangazaji alisema kuwa mgomo wa wauguzi umekwisha na huduma zimerejea. Jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa amefika miezi tisa na hajapata chanjo ya surua, alishusha pumzi. Alfajiri yake akambeba mtoto, akapanda matatu, akafika kituo cha afya na kukuta lango limefungwa. Habari ile haikuwa ya uongo. Mgomo uliokwisha ulikuwa wa kaunti nyingine, na jina la kaunti hiyo lilitajwa mara moja tu, mwanzoni, wakati yeye akipakua wali. Nauli ikapotea, kazi ya siku ikapotea, na mtoto akarudi bila ya chanjo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: habari za taifa na habari za sehemu zetu zapasa kuunganishwa vipi katika kipindi kimoja, ili mtu aliye jikoni ajue lipi linamhusu na lipi halimhusu? Swali hili si letu peke yetu. Wako watu waliolijadili kwa zaidi ya miaka 20, na kisa chao kina mafunzo kwetu. Watu hao ni wa Uskoti.

Kisa cha Uskoti

Uskoti ni sehemu ya Uingereza, pamoja na England, Wales na Ayalandi ya Kaskazini. Kwa miaka mingi watazamaji wa BBC huko wamezoea mpango huu: saa kumi na mbili za jioni huanza habari za taifa na za dunia kutoka London, na baada ya nusu saa hivi hufuata habari za Uskoti kutoka Glasgow, katika kipindi kilichoanza mwaka 1968. Ni sahani mbili, kila moja na mpishi wake.

BBC ilikwisha kujaribu kuzichanganya sahani hizo. Mnamo Oktoba 1983 ilianzisha kipindi kilichoitwa Sixty Minutes, kilichokusudiwa kubeba habari za taifa, za mikoa na makala kwa pamoja. Hakikumaliza mwaka. Sehemu ya habari ilikuwa na waandalizi wake na sehemu nyingine zilikuwa na wao, na kipindi kikabaki vipande vilivyoshonwa pamoja bila ya kuwa nguo moja. Kufikia Septemba 1984 mpango wa zamani wa taarifa mbili ulikuwa umerudi.

Jambo likawa zito zaidi baada ya mwaka 1997, Waskoti walipopiga kura ya kuwa na bunge lao. Bunge hilo lilianza kazi mwaka 1999, nalo likakabidhiwa afya, elimu na mambo ya sheria na mahakama. Ulinzi na uhusiano na nchi za nje vikabaki London. Hapo ndipo taarifa ya London ilipoanza kuwa na kasoro ambayo zamani haikuonekana. Mtangazaji aliposema kuwa mitihani ya shule itabadilishwa, mzazi wa Glasgow hakujua kama ni mitihani ya mwanawe au ya watoto wa England.

Kukatolewa pendekezo: iwepo taarifa moja ya saa nzima, itayarishwe Uskoti, ikusanye habari za Uskoti, za Uingereza nzima na za dunia, na kila moja ipewe nafasi kwa uzito wake kwa mtazamaji wa Uskoti. Waliiita "Sita ya Uskoti", kwa kuwa saa yao ya sita ya jioni ndiyo saa yetu ya kumi na mbili. Mwisho wa mwaka 1998 magavana wa BBC walilikataa. Miaka michache baadaye John Birt, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba alikwenda kwa waziri mkuu Tony Blair kulipinga, kwa kuhofia kuwa lingechochea kugawanyika kwa nchi.

Tuwe waadilifu: hofu hiyo haikuwa ya bure. Watu wanaoketi usiku mmoja mbele ya habari zilezile hupata jambo la kuwaunganisha. Lakini mwaka 2008 ripoti ya Profesa Anthony King ilionyesha upande wa pili wa sarafu. Watafiti walichunguza habari za BBC za taifa kwa wiki kadhaa za mwaka 2007, na kati ya habari za afya na elimu walizozikuta, zaidi ya 100, zote zilihusu England. Mtazamaji wa Uskoti alikuwa akipewa habari za nyumba ya jirani kana kwamba ni za nyumba yake.

Hatimaye, mwezi Februari 2019, BBC ilifungua chaneli mpya ya Uskoti, na humo taarifa ya saa nzima iitwayo The Nine, kila saa tatu za usiku, siku za kazi. Ilifanya lile lililoombwa: habari ya kijiji cha Uskoti na habari ya vita vya mbali zilipangwa na mhariri mmoja mwenyeji. Hata hivyo watazamaji walikuwa wachache, na mwaka 2024 ikaondolewa, mahali pake pakawekwa taarifa fupi ya saa moja za usiku. Kituo cha STV nacho kilikuwa kimejaribu jambo kama hilo mwaka 2017 katika chaneli yake ya pili, iliyofungwa mwaka uliofuata.

Wengine wamesema kuwa haya ni ushahidi kwamba watu hawakuitaka habari ya namna hiyo. Sisi hatuoni hivyo. Chaneli ilikuwa ngeni na saa ilikuwa ngeni, na saa kumi na mbili ya jioni, ambapo familia zilikuwa zimezoea kuketi, haikuguswa. Dawa haikupewa mgonjwa kwa wakati wake, kisha ikasemwa kuwa haiponyi.

Sisi na saa moja ya usiku

Huenda msomaji akasema: kwetu Kenya hakuna shida hiyo, kwani habari za taifa na za mikoa tayari zimo katika kipindi kimoja. Ni kweli, na hapa ndipo penye fundisho. Waskoti walikuwa na sahani mbili wakaomba moja. Sisi tuna sahani moja, ila aliyeipakua yuko Nairobi. Tangu runinga ilipoanza nchini mwaka 1962, vituo vikubwa vya taifa vimekuwa na makao yao huko. Pwani huingia kwa dakika mbili za mwandishi aliyetumwa, na mara nyingi huingia kwa sababu ya siasa, mihadarati au msimu wa watalii. Bei ya samaki, maji yaliyokatika na dawa zilizokwisha zahanati husubiri zamu ambayo haifiki.

Wazee wetu wanaikumbuka Sauti ya Mvita, redio iliyosikika kutoka Mombasa katika miaka ya 1950. Hatuitaji ili tulilie enzi za ukoloni. Twaitaja kwa kuwa yaonyesha kuwa sauti ya mwenyeji si jambo geni kwetu.

Na leo haja ni kubwa zaidi. Katiba ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi, na tangu mwaka 2013 tuna serikali 47 za kaunti, sita kati yazo zikiwa za Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Zahanati na hospitali za kaunti, na shule za chekechea, ziko chini yao. Shule za msingi na za sekondari, polisi, na hospitali kuu za rufaa za kitaifa ziko chini ya serikali kuu. Mtazame mama wa Likoni anayevuka asubuhi na mtoto wake kwenda kliniki kisiwani. Feri anayoipanda ni ya serikali kuu, na kliniki aendayo ni ya kaunti. Kabla ya saa tatu ya asubuhi ameshapita mikononi mwa serikali mbili. Taarifa isiyomwambia ni serikali gani iliyofunga mlango humwacha na hasira isiyojua pa kwenda.

Kwa hiyo kuunganisha habari si kuziweka pamoja tu. Swali ni nani anayekaa katika kiti cha mhariri, na anapouliza "habari hii yamhusu nani?" anamfikiria nani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hatutaki kujifungia: mtu wa Lamu apaswa kujua yaliyompata ndugu yake wa Turkana, na sote tujue ya dunia. Tunachoomba ni kwamba jina la mahali litajwe mwanzo na lirudiwe mwisho, mamlaka yanayohusika yasemwe wazi, na walioko Pwani wawe na kauli wakati orodha ya habari inapopangwa.

Mpaka hayo yatimie

Wakati tunangoja, kazi ya kuunganisha yaweza kuanza sebuleni. Tumejaribu nyumbani kwetu, nasi tunawapendekezea maswali matatu baada ya kila habari kubwa. Je, hili limetokea wapi? Ni amri ya serikali kuu au ya kaunti, na ikiwa ni ya kaunti, ni ipi? Na kwetu hali ikoje? Swali la kwanza mpeni mtoto, aonyeshe kaunti hiyo katika ramani. La pili wajibu wakubwa. La tatu mara nyingi halijibiwi na runinga, hivyo simu moja kwa aliye karibu na jambo lenyewe yafaa kuliko kukisia.

Twasema hivi kwa sababu pengo linaloachwa na taarifa halikai tupu. Hujazwa na ujumbe wa simu usio na mwenyewe, unaosambazwa kundi kwa kundi kabla ya adhana ya Isha. Nasi tumefunzwa na dini yetu kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Jirani yetu alirudi kliniki wiki kadhaa baadaye, mgomo wa kaunti yetu ulipokwisha, na mtoto akachanjwa, alhamdulillahi. Siku hizi, mtangazaji akitaja hospitali, hushusha chungu, akapandisha sauti ya runinga na kuuliza kwa nguvu, hata nasi tukamsikia upande wa pili wa ukuta: "Kaunti gani?"